Amalia Elisabeth: mjane aliyewachosha Kaisari na shemeji yake

Wilhelm V, mtawala wa Hesse-Kassel, alifariki mwishoni mwa Septemba 1637, kwa kalenda ya zamani ambayo Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa bado wakiifuata. Alifia Leer, mji mdogo wa Frisia Mashariki karibu na mpaka wa Uholanzi, akiwa na miaka 35, na alifia ukimbizini. Nchi yake ilikuwa imevamiwa. Mwaka huohuo askari wa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, lililojumuisha nchi za Ujerumani, wengi wao Wakroatia, walipita Hesse wakichoma miji na vijiji, hata ukaja kukumbukwa kuwa ndio mwaka wa Wakroatia. Kaisari alikwisha kumtangaza Wilhelm adui wa dola, na usimamizi wa nchi akamkabidhi ndugu yake wa ukoo, Georg II wa Hesse-Darmstadt. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka 8. Mjane aliyeachiwa mzigo wote huo aliitwa Amalia Elisabeth, naye pia alikuwa na miaka 35.

Mwaka 1648, Vita vya Miaka Thelathini vilipomalizwa kwa mikataba ya Westfalia, mjane huyu alikuwa amepewa kifungu kizima ndani ya Mkataba wa Osnabrück, mmoja wa mikataba hiyo. Nchi ya mwanawe ilirudi, ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa mumewe alipokufa. Maaskofu wa Kikatoliki walitakiwa kumlipa fidia. Dini yake, Ukalvini, tawi la Uprotestanti lililo tofauti na Ulutheri, ambayo kwa zaidi ya miaka 90 haikuwa na ulinzi wa kisheria katika dola, ilitambuliwa rasmi.

Habari za wajane waliotawala Ulaya huandikwa kwa mtindo mmoja: mama jasiri anamlinda mwanawe dhidi ya mbwa mwitu, mtoto anakua, mama anakabidhi kiti na kurudi kwenye sala zake. Amalia Elisabeth naye ameandikwa hivyo mara nyingi. Mimi siukubali mtindo huo, kwa sababu unamnyang'anya kilicho chake kweli. Alikuwa na siasa. Alijua anataka nini, alijua nani anakihitaji kile alichonacho, na aliweza kungoja. Ule ulezi wa mtoto, ambao waliomzunguka waliuona kuwa ni upungufu, yeye aliufanya ngao. Na kwa kuwa alikuwa mwanasiasa kamili, basi gharama za siasa yake nazo tumhesabie, hata zile zilizolipwa na wakulima ambao hakuwahi kuwaona.

Tuanze na ulezi wenyewe. Katika Dola Takatifu la Kiroma mke hakurithi kiti cha mumewe. Kilichompa mjane nafasi ni sheria ya mayatima. Sheria ya Kiroma, iliyofuatwa na mahakama za Ujerumani, ilimruhusu mama kuwa mlezi wa wanawe ilimradi asiolewe tena. Akiolewa, ulezi unamtoka. Mlezi hushika mali ya mtoto kama amana. Haruhusiwi kuiuza wala kuigawa wala kuiacha ipungue, na mtoto akishakuwa mtu mzima mlezi hudaiwa hesabu. Kwa nyumba ya kitawala, mali ya mtoto ni nchi nzima: ngome, misitu, kodi, mahakama, kanisa. Msomaji aliyewahi kuona kazi ya msimamizi wa mirathi ataelewa upesi, na atakuwa ameona pia ndugu wa marehemu wakifika msibani na hesabu zao kichwani tayari.

Hesabu za Georg zilianza zamani, kabla hata hajazaliwa. Mwaka 1604 alifariki Ludwig IV wa Hesse-Marburg bila mtoto. Wosia wake ulisema nchi igawanywe kati ya koo mbili, Kassel na Darmstadt, kwa sharti kwamba dini ya Kilutheri isiguswe. Moritz wa Kassel, baba yake Wilhelm, akaegemea Ukalvini, na mwaka 1605 akaanza kuwalazimisha watu wa Marburg mageuzi yake. Darmstadt wakakimbilia kwenye baraza la mahakama la Kaisari. Hukumu ilitoka 1623: Marburg yote iwe ya Darmstadt, na Kassel warudishe mapato ya miaka yote waliyoikalia. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno kwa Kassel kulipa. Moritz aliachia kiti mwaka 1627, na Wilhelm akarithi hazina tupu, askari wa kigeni ndani ya nchi, na waraka wa kukubali hasara ambao ilimlazimu atie saini. Nyumbani nako hakukuwa shwari. Juliane wa Nassau-Siegen, mke wa pili wa Moritz, alikwisha kuhakikisha kwamba wanawe wanatengewa robo ya nchi. Kwa hiyo mjane wa 1637 alikuwa na shemeji nje ya mlango na mashemeji ndani ya nyumba.

Haya yote ningeyapita haraka, isipokuwa yanaeleza kitu ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Georg hakuwa mvamizi aliyetokea porini. Alikuwa ana hati, ana hukumu ya mahakama, ana amri ya Kaisari, tena ni ndugu wa marehemu na mwanamume mtu mzima. Kwa macho ya watu wengi wa wakati ule, pamoja na baadhi ya washauri waliobaki Kassel, lililokuwa la busara ni kukubaliana naye haraka ili nchi ipumue. Nchi ilikuwa imeungua. Ukiwalaumu washauri hao kuwa walikuwa waoga, umesahau kwamba wao ndio waliokuwa wakiona moshi.

Amalia Elisabeth alikuwa na vitu viwili tu mkononi. Cha kwanza ni wosia wa mumewe uliomtaja kuwa mlezi na msimamizi. Cha pili ni jeshi.

Jeshi hilo ndilo lililogeuza kila kitu. Wilhelm alikuwa amekimbilia Frisia Mashariki na askari wake, na ngome kadhaa za Westfalia zilikuwa bado zinashikwa na vikosi vya Hesse. Maofisa, wakiongozwa na Jenerali Peter Melander, walikubali kumtii mjane kwa niaba ya mtoto. Ni rahisi kuipamba hatua hiyo kwa maneno ya uaminifu. Uaminifu ulikuwapo, lakini na maslahi yalikuwapo: afisa wa vita hivyo alikuwa kama mfanyabiashara, ana deni la mishahara, na kama nyumba ya Hesse ingesambaratika nani angemlipa? Amalia Elisabeth alilijua hilo. Alijua pia kwamba jeshi hilo linatamaniwa na wengi. Ufaransa na Uswidi hawakutaka liwaponyoke. Kaisari alitaka kulivuta kwake, au walau livunjwe. Mjane asiye na mji mkuu wala hazina alikuwa ameshikilia kitu ambacho mataifa matatu yalikihitaji.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa kilele cha maisha yake, kuliko hata 1648.

Alizungumza na kila upande. Askofu mkuu wa Mainz alisimama kati kama mpatanishi, na mwaka 1638 mapatano yakaandikwa: mjane atambuliwe, mtoto arudishiwe nchi, Hesse-Kassel irudi kwenye utii wa Kaisari. Wakati mazungumzo yakiendelea mapigano yalisimamishwa, kwa hiyo vikosi vyake vilipata nafasi ya kupumua. Lakini alikuwa ameweka sharti moja ambalo hakukubali libaki la mdomo: dini ya Kalvini ilindwe kwa maandishi. Kaisari Ferdinand III akasita hapo. Kumkubalia kungekuwa kutoa kwa mjane mmoja kile ambacho dola zima halikuwahi kuwapa Wakalvini. Kila watu wa Kaisari huko Vienna waliposita, Amalia Elisabeth alipata miezi mingine. Na katika miezi hiyo wajumbe wa Ufaransa walikuwa wanaingia na kutoka.

Agosti 1639, mjini Dorsten katika Westfalia, alifunga mkataba na Ufaransa. Angepata ruzuku ya fedha kila mwaka ili alishe jeshi lake, na jeshi hilo lingepigana dhidi ya Kaisari. Hakuitangazia dunia mara moja. Alitaka kwanza ajipange, awe na washirika zaidi, ngome ziwe na akiba. Mwaka 1640 alirudi Kassel, na kufikia hapo hakuna aliyeweza kujidanganya kwamba atasaini amani ya peke yake.

Wapo wanaouona mwenendo huu kuwa ni hila tu, na kwamba sharti la dini lilikuwa kisingizio cha kuvuta muda. Mimi sioni kwamba ilibidi kuwe na kimoja bila kingine. Alitaka kweli sharti lile, na alijua kweli kwamba litakwama. Utaalamu wake ulikuwa hapa: kila alilolidai aliweza kulidai kama mlezi. Kama Wilhelm angekuwa hai, Kaisari angeweza kumwambia, wewe ni mtawala, nchi ni yako, toa hiki ubaki na kile, kama alivyolazimishwa mwaka 1627. Lakini utamwambia vipi mlezi apunguze mali ya yatima? Georg wa Darmstadt mwenyewe alikuwa anadai Marburg kwa hoja ya urithi, na watawala wote wa Ujerumani walikalia viti vyao kwa hoja hiyohiyo. Wangeivunja haki ya mtoto wa Kassel, wangekuwa wanachimba chini ya viti vyao wenyewe. Mjane aliposema kwamba hana mamlaka ya kukubali hasara, alikuwa anasema kitu ambacho wapinzani wake hawakuweza kukikanusha bila kujidhuru. Kutokuwa na haki ya kutoa, kwa mtu anayekabwa atoe, ni nguvu kubwa sana.

Na kwa nini dini? Mtu anayedhani lilikuwa suala la majadiliano tu hajatazama alikotoka. Alizaliwa Hanau mwaka 1602. Mama yake, Catharina Belgica, alikuwa binti wa William wa Orange, kiongozi wa maasi ya Uholanzi dhidi ya Hispania, aliyeuawa kwa risasi nyumbani kwake Delft mwaka 1584. Baba yake, Philipp Ludwig II, ndiye aliyeanzisha mji mpya wa Hanau mwaka 1597 kwa ajili ya Wakalvini waliokimbia mateso, wasukaji wa vitambaa na wafua dhahabu kutoka nchi za kusini mwa Uholanzi ya leo. Mtoto huyu alikua akiona barabara zilizonyooka za mji uliojengwa na wakimbizi wa imani yake. Mapatano ya Augsburg ya 1555 yalikuwa yamewatambua Wakatoliki na Walutheri peke yao. Mkalvini katika Ujerumani aliishi kwa hisani ya mtawala wake, si kwa sheria. Mapatano ya Prague ya 1635, yaliyowarudisha watawala wengi wa Kiprotestanti kwa Kaisari, nayo hayakumpa Mkalvini usalama wowote.

Hanau hiyohiyo ilizingirwa na majeshi ya Kaisari chini ya Jenerali Lamboy kuanzia 1635, ikiwa imejaa wakimbizi wa mashambani. Wilhelm, mume wa binti wa Hanau, alifika na jeshi la Waswidi la Alexander Leslie na kuukomboa mji Juni 1636. Watu wa Hanau wanaisherehekea siku hiyo mpaka leo, tarehe 13 Juni, kwa sikukuu wanayoiita Lamboyfest, kwa jina la jenerali aliyeshindwa. Lakini ukombozi huo ndio uliofunga mlango kati ya Wilhelm na Kaisari. Tangazo la kuwa adui wa dola likafuata muda mfupi baadaye, na mwaka mmoja baadaye Hesse ikaungua. Amalia Elisabeth alibeba vitu vyote viwili: mji wa kwao uliookolewa, na nchi ya mumewe iliyolipia.

Kuna jambo jingine kuhusu kwao. Baba yake alipofariki mwaka 1612, mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mrithi, alikuwa bado mtoto, na aliyeshika usimamizi wa Hanau ni mama yao. Amalia Elisabeth alikuwa na miaka 10. Kwa hiyo kazi hii hakuikuta ukubwani kama ajali. Aliiona ikifanywa nyumbani, tangu jinsi ya kupokea wajumbe mpaka jinsi ya kubishana na ndugu wa marehemu. Na mabinti wa William wa Orange waliolewa katika nyumba kubwa za Kikalvini za Ufaransa na Ujerumani, wakaendelea kuandikiana barua. Turenne, jemadari wa Ufaransa katika Ujerumani miaka ya mwisho ya vita, alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa. Binti yake Emilie aliolewa mwaka 1648 katika nyumba ya La Trémoille, kwa mjukuu wa mama yake mdogo. Binti mwingine, Charlotte, aliolewa 1650 na Karl Ludwig wa Palatino, ambaye bibi yake alikuwa dada mkubwa wa Catharina Belgica. Vitabu vya diplomasia huorodhesha mabalozi na mawaziri. Humu mtandao wa kina mama ulifanya kazi ya ubalozi, na sijui kama Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa, angemwamini mjane wa Kassel kwa wepesi ule kama asingekuwa mtu anayejulikana katika nyumba hizo.

Vita vyenyewe sitavikalia. Januari 1642, huko Kempen karibu na mto Rhine, Wafaransa na Wahesse walimpiga Lamboy, yuleyule wa Hanau, wakamteka. Ngome nyingi za jimbo la Cologne zikaangukia mikononi mwao. Melander alikuwa amekwisha kujiondoa mwaka 1640. Baadaye alihamia kwa Kaisari, akawa kamanda wake mkuu, akarudi Hesse mwaka 1647 kuishambulia nchi ya bibi aliyemtumikia, na akauawa Zusmarshausen mwezi Mei 1648. Aliyeongoza majeshi ya Hesse miaka ya mwisho ni Johann Geyso.

Lakini kuna uamuzi mmoja wa kijeshi ambao lazima niusimamie, kwa sababu ndio mgumu kuutetea. Mwaka 1645 wajumbe wa Ulaya wakiwa wamekwisha kufika Münster na Osnabrück kutafuta amani, Amalia Elisabeth aliamuru majeshi yake yaichukue Marburg. Mji ulianguka Novemba 1645, ngome Januari 1646. Vita hivi vya Wahesse kwa Wahesse, ndani ya vita kubwa, viliendelea mpaka 1648. Sababu yake inaeleweka: mezani hupewa aliyeshika, na Marburg isingepatikana kwa barua. Alikuwa na hoja ya kisheria pia, kwamba hukumu ya 1623 na waraka wa 1627 vilipatikana kwa shinikizo. Hata hivyo watu wa Marburg walikuwa wanazungumza lugha moja na watu wa Kassel, wengi wao walikuwa Walutheri wasioomba kukombolewa, na walikuwa wamekwisha choka. Aliwapelekea mizinga ili kumkamilishia mwanawe urithi. Hapo ule ulezi ambao nimeusifu kama ngao uligeuka kuwa upanga, kwa hoja ileile: mali ya mtoto isipungue.

Sasa tukitazame kifungu chenyewe. Katika Mkataba wa Osnabrück ni kifungu cha 15, na kina urefu usio wa kawaida kwa nchi ndogo kama ile. Kinaanza kwa kumrudisha mwana na mama yake katika msamaha na haki zote. Kinampa abasia ya Hersfeld, yaani makao ya watawa, pamoja na ardhi zake. Kinampa sehemu ya eneo la Schaumburg. Kisha kinafika kwenye fedha: thaler (sarafu za fedha) 600,000, zilipwe ndani ya miezi 9, na walipaji wanatajwa mmoja mmoja, Mainz, Cologne, Paderborn, Münster na Fulda, yote majimbo ya maaskofu na maabate wa Kikatoliki. Na kwa kuwa aliyeandikiwa kifungu hiki hakuwa mtu wa kuamini ahadi, kiliwekwa na rehani: majeshi ya Hesse yaendelee kukaa Neuss, Coesfeld na Neuhaus mpaka fedha ziingie. Kuhusu Marburg, mkataba unathibitisha mapatano ambayo koo mbili zilikuwa zimefikia Aprili 1648, yaliyoirudishia Kassel sehemu nzuri ya nchi iliyobishaniwa kwa miaka 44. Ukikisoma kifungu hicho, unasikia sauti ya mtu aliyewahi kudhulumiwa kwa waraka na hataki irudie.

Kifungu cha 7 ndicho kinachowapa Wakalvini haki sawa na Walutheri. Sitasema kwamba ni kazi yake peke yake. Brandenburg, jimbo kubwa zaidi lenye mtawala wa Kikalvini, lilisukuma pia, na bila Brandenburg lisingewezekana. Lakini Hesse-Kassel ilikuwa imelishikilia dai hilo tangu mazungumzo ya Mainz, miaka 10 nyuma, wakati ambapo kulishikilia kulimaanisha kubaki nje ya Kassel. Wajumbe wake waliingia kwenye mkutano wakiwa na msimamo uliokwisha kulipiwa. Vita hivi huelezwa mara nyingi kama vilianza kwa dini vikaishia kwa tamaa ya ardhi. Mama huyu ni mmoja wa watu wanaonifanya niikatae kauli hiyo. Alitaka ardhi, ndiyo, tena sana. Lakini mwaka 1638 angeweza kuipata ardhi ya mumewe mapema kama angeilegeza dini, na hakuilegeza.

Gharama. Frisia Mashariki ilikuwa nchi ya mtu mwingine, na haikuwa na ugomvi na Hesse. Wahesse waliingia 1637 na kukaa mpaka baada ya amani, wakiwalisha farasi na askari wao kwa michango ya lazima iliyokusanywa nyumba kwa nyumba. Miji ya Westfalia ilifanywa hivyohivyo. Ruzuku ya Ufaransa peke yake isingelisha jeshi lile. Iliyobaki ilitoka kwenye maghala ya watu ambao hawakuwa raia wa mtoto wa Kassel. Ndani ya Hesse kwenyewe alitoza kodi za vita bila kulisubiri baraza la makabaila, nao wakapinga kwamba haki zao za kale zinavunjwa. Ubishi huo hakuumaliza, aliurithisha. Hapa naona kitu cha kuuma. Mwanamke aliyesimama kwa miaka 13 juu ya hoja kwamba haki ya mwanawe haiguswi hata Kaisari akiamuru, hakuona tabu kuzigusa haki za raia wake kwa kusema kwamba dharura inaruhusu. Aliyaamini yote mawili. Watawala wengi wa karne ile waliyaamini, wanaume kwa wanawake, na hatumtendei haki kwa kumwondoa katika orodha yao eti kwa kuwa alikuwa mama.

Je, angefanya nini vinginevyo? Wanaomshutumu hudhani kwamba amani ya 1638 ingewapa wakulima wa Hesse pumziko. Sina hakika hata kidogo. Nchi zilizopatana na Kaisari mwaka 1635 hazikupona. Saxony ilipatana na ikaendelea kuporwa na Waswidi kwa miaka 10 iliyofuata. Mtawala mdogo aliyekaa katikati alitafunwa na pande zote. Mwenye jeshi walau alichagua nani apite. Nikipima hayo, nadhani uamuzi wake wa 1639 ulikuwa sahihi na uamuzi wake wa 1645 ulikuwa wa kuwaumiza watu kwa ajili ya mpaka wa ramani. Najua wapo watakaoniambia kwamba viwili hivyo havitenganishiki, kwamba mtu wa kukataa 1638 ndiye huyohuyo wa kushambulia 1645. Huenda. Lakini hilo ndilo swali analostahili kuulizwa, na huulizwi swali kama hilo ukiwa mama mtakatifu wa kwenye picha.

Mkataba wake uliodumu zaidi si wa Westfalia. Mwaka 1642 ukoo wa Hanau-Münzenberg, ukoo wake wa kuzaliwa, ulikosa mrithi wa kiume, na nchi ikadaiwa na tawi la Hanau-Lichtenberg. Mrithi, Friedrich Casimir, alihitaji msaada ili akubalike. Amalia Elisabeth alimsaidia, na mwaka 1643 akaandikiana naye kwamba siku tawi hilo nalo litakapoisha upande wa wanaume, Hanau-Münzenberg iende kwa Hesse-Kassel. Liliisha mwaka 1736, miaka 85 baada ya kifo chake, na Hanau ikaenda Kassel kama ilivyoandikwa.

Alikabidhi madaraka Septemba 1650, mwanawe akiwa na miaka 21, na akafariki Agosti 1651. Mwana huyo, Wilhelm VI, alikuwa amemwoa Hedwig Sophie wa Brandenburg mwaka 1649. Alikufa 1663 akiacha watoto wadogo, na Hesse-Kassel ikatawaliwa tena na mjane, safari hii mpaka 1677. Tangu Catharina Belgica wa Hanau, hao ni wajane watatu wa mstari mmoja, mama, binti na mkamwana, waliobeba nchi kati ya mume aliyekufa na mtoto asiyekua. Mtu asiseme tena kwamba utawala wa mjane ulikuwa jambo la bahati nasibu katika Ulaya ile. Palipokuwa na kiti cha kurithi na wanaume waliokufa vijana, mjane alikuwa sehemu ya mtambo.

Na mtambo huo ulirithi kitu kingine kutoka kwa Amalia Elisabeth, ambacho sifa zake nyingi hazikitaji. Alikuwa amethibitisha kwamba nchi maskini ya milima na misitu inaweza kuwa na jeshi kubwa kuliko mfuko wake, ilimradi apatikane taifa kubwa la kulilipia. Mjukuu wake Karl aliichukua njia hiyo akaifanya biashara: mwaka 1677, mara tu mama yake alipomwachia kiti, alikodisha askari kwa Denmark. Waliomfuata waliendelea, na kuanzia 1776 maelfu ya vijana wa Hesse-Kassel walisafirishwa kwa meli kwenda kupigana Marekani kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, katika vita isiyowahusu, malipo yakiingia katika hazina ya Kassel. Bibi yao wa 1639 alichukua fedha za kigeni ili aiokoe nchi na dini. Wao walichukua fedha zilezile wakati nchi haikuwa hatarini wala dini haikutishwa.